Mabaki ya Galoni ni ya Nani?



Yako madhambi ambayo mtu huyaogopa kwa sababu ni makubwa, na yako mengine ambayo hupita mbele ya macho yake kila siku wala hayaoni, kwa kuwa hayazidi vijiko vitatu vya mafuta. Haya ya pili ndiyo tutakayoyazungumza.

Kijana mmoja wa kwetu Pwani anafanya biashara ya mafuta ya kula huko Ringwani, katika wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara. Alileta swali lake, na kwa kuwa linawahusu wengi naliandika hapa. Yeye hununua pipa lililoandikwa lita 200. Wateja wake, khasa watu wazima, huja na vyombo vyao na kutaka galoni. Naye huwapimia lita nne na nusu, kama alivyomkuta mwenye duka aliyemtangulia akifanya. Je, ni halali?

Kwanza tuijue hiyo galoni yenyewe. Waingereza walikuwa na galoni zaidi ya moja: ya mvinyo, ya pombe na ya nafaka, na kila moja na ujazo wake. Ile ya mvinyo, iliyothibitishwa kwa sheria zama za Malkia Anne, ndiyo waliyobaki nayo Wamarekani mpaka leo, nayo ni lita 3.785. Uingereza yenyewe mwaka 1824 ilizifuta zote ikaweka moja, kwa kipimo cha ratili kumi za maji, ambayo ni lita 4.546. Hii ndiyo iliyokuja kwetu pamoja na ukoloni, na debe letu la bati lilikuwa galoni nne za namna hiyo, yaani lita 18 na kidogo. Hata pipa ni hilo hilo: sisi tulizoea kuliita pipa la galoni 44, na Mmarekani akilitazama hulihesabu galoni zake 55 zilipotimu. Chombo ni kimoja, majina mawili. Tanzania ilikwisha kuhamia kwenye lita na kilo, na Sheria ya Vipimo ya mwaka 1982 imekataza habari ya kufanya biashara kwa vipimo vya kubahatisha. Lakini neno galoni halikutoka katika ndimi za watu. Vijana wa leo wakilitamka humaanisha dumu la lita tano.

Sasa tufanye hesabu. Galoni 44 za Kiingereza ni lita 200 kamili, hazizidi ila matone. Yule kijana akiuza galoni 44 kwa lita nne na nusu, atakuwa ametoa lita 198. Lita mbili zimebaki chini ya pipa. Kila mteja amekosa vijiko vitatu vya chakula, wala hakuna aliyehisi. Kwa mapipa hamsini ni lita mia, nusu ya pipa zima, na pesa zake zimo mfukoni. Swali ni hili: lita hizo ni za nani?

Atasema mtu: hizo ni fidia ya yanayomwagika na yanayoganda katika mpira. Jawabu ni kwamba kumwagika ni gharama ya mwenye duka, kama kodi na nauli ya lori. Aitie katika bei, mnunuzi aione, akitaka anunue na asipotaka aende kwengine. Akiitia katika kipimo ameificha, na mwenzake hakupata nafasi ya kuridhia. Na biashara inahalalika kwa kuridhiana.

Tena tazama kilichofanyika. Anaponunua, hununua kwa lita, na lau pipa lingepungua lita mbili angerudi kwa aliyemuuzia akateta. Anapouza, huuza kwa galoni. Suratul Mutaffifin inapowaonya wapunjao, haikumtaja tu mwenye kupunguza. Imemtaja yule ambaye akijipimia hutaka kutimiziwa na akiwapimia wengine hupunguza. Mizani mbili kwa mtu mmoja, basi. Na watu wa Madyan, walipoonywa na Nabii Shuaibu (A.S.), hawakuwa mafakiri waliobanwa na njaa. Aliwaambia kuwa anawaona katika kheri.

Hukumu basi inafuata tamko. Akisema waziwazi, "Nakuuzia lita nne na nusu kwa bei hii," hana kosa, hata kama mzee yule moyoni ataendelea kuiita galoni. Akisema galoni na mzee akafahamu ile ya zamani, inampasa 4.546, na kwa kuwa hawezi kupima vijiko, na azidishe. Na mnunuzi akiwa kijana mwenye kufahamu dumu la tano, ile nne na nusu imempunguzia nusu lita nzima, na hapo hatuzungumzi tena vijiko. Maneno ya mauziano huchukuliwa kwa ada ya watu wa mahali pale. Ikiwa mahali pale pana ada mbili, ni wajibu wa muuzaji kubainisha, maana yeye ndiye aliyeshika kipimo.

Wanavyuoni wetu hawakulidharau jambo hili. Imepokewa kwamba Imamu Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, alifika Madina akabishana na Imamu Malik juu ya pishi ya Mtume (S.A.W.). Watu wa Kufa waliihesabu ratili nane. Wakaja watu wa Madina, watoto wa Muhajirina na Ansari, kila mmoja na pishi yake chini ya nguo, aliyoirithi kwa babaye. Akazipima, zikawa sawasawa, ratili tano na thuluthi. Akaiacha kauli ya mwalimu wake papo hapo. Hakusema kuwa tofauti ni ndogo, wala hakutafuta ya katikati ili pasikasirike mtu. Alikwenda kwenye chombo chenyewe.

Nyumbani pia mambo ni hayo. Sisi tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi huambiwa kuwa maji yakifika kullateni hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi tu, mpaka yageuke rangi, ladha au harufu. Kipimo chake ni dhiraa na robo kwa urefu, upana na kina. Ukiichukua dhiraa kuwa sentimita 48, hiyo ni sentimita 60 kila upande, na ukizidisha unapata lita 216. Wengi wana pipa uani na hudhani kuwa limetosha kwa vile ni kubwa. Kwa hesabu hii lita 200 hazikufika, na panya akifia humo, maji hayo hayafai kutawadhia hata yakiwa meupe pe.

Ama kijana wetu wa Ringwani, kwa yaliyopita, anaowajua awarejeshee haki yao, na asiowajua awatolee sadaka kiasi hicho kwa niaba yao. Kwa yajayo, anunue kipimo cha lita chenye mhuri wa Wakala wa Vipimo, aandike bei ya lita moja mlangoni, na mzee akija kuuliza galoni, amuulize kwanza: lita ngapi, baba?