Ramadhani 26: Bakuli bichi



Mwezi ndio huo unaaga. Siku kama hizi swali moja hurudi kila mwaka, na huenda nawe umeshaliuliza: yule kijana tunayemwona msikitini Ramadhani tu, halafu baada ya Idi hatumwoni, je, ni mnafiki?

Kabla hujajibu, hebu mwangalie fundi anayekereza mabakuli ya mwembe. Mti mbichi ni laini, kwa hiyo hulichonga na kulichimba bakuli siku ileile. Lakini kazi bado. Ukiliacha juani, nje hukauka na kusinyaa wakati ndani kumelowa. Zinavutana, bakuli linapasuka. Ukilifunga kwenye nailoni, linaota ukungu. Kwa hiyo fundi hulitia kwenye mfuko wa karatasi, au hulifukia ndani ya maranda yake, kivulini. Hulipima kwenye mizani kila baada ya siku kadhaa. Uzito ukiacha kushuka, limekauka. Hiyo ni kazi ya miezi.

Tena halichongi likawa jembamba mara ya kwanza. Bakuli la upana wa sentimita 30 huliachia ukuta wa kama sentimita 3. Anajua litapinda, maana mti hausinyai sawa pande zote; duara linakuwa kama yai. Ule unene ndio unaompa nafasi ya kulirudisha kwenye mashine na kulikereza upya. Kupinda si kupasuka.

Sasa rudi kwa kijana wetu. Mwezi mzima amechongwa. Idi ikifika, hakuna daku, hakuna tarawehe, wenzake wametawanyika. Katolewa juani ghafla. Akikosa Alfajiri siku mbili, amepinda. Wewe ukimwambia mbele za watu, "Tulijua tu, wewe ni wa Ramadhani," hapo umempasua. Unafiki hukaa moyoni, na mizani ya moyo anayo Allah peke yake.

Simaanishi tunyamaze. Swala tano ni faradhi, hazina likizo, na kumwacha hivihivi ndiyo ile nailoni. Mpigie simu. Mpitie mwende pamoja. Mnasihi mkiwa wawili.

Na wewe mwenyewe, usijipasue. Usiape kwamba Shawwal utakesha kila usiku. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba amali ndogo inayodumu inapendwa zaidi na Allah. Juu ya faradhi zako, shika rakaa mbili za usiku na ukurasa mmoja wa Qur'ani, lakini usiache.

Leo baada ya tarawehe, geuka utazame safu ya nyuma. Chukua namba ya mtu mmoja. Usimpigie leo, mpigie wiki ya pili ya Shawwal.

Allah atukubalie swaumu zetu na atuthibitishe baada yake. Amin.