Mwalimu Mkuu Nyumbani Kwake

Katika Kiswahili mtu akikutana na mwenziwe humwuliza habari za kazi, kisha humwuliza habari za nyumbani. Maswali ni mawili na majibu ni mawili, nasi tumeyazoea hata hatuoni ajabu kwamba maisha ya mtu mmoja yamekatwa vipande. Jirani zetu wa Mbuya, ambao wengi wao ni wasemaji wa Kiganda, wanayo njia nyingine. Husema "gyebale ko", yaani humshukuru mtu kwa kazi aifanyayo. Humwambia hivyo karani atokaye afisini, na mama aliyeinamia sufuria yake kadhalika. Salamu hiyo tuliisikia miaka mingi pasipo kuitia maanani.

Shule zote za Uganda zilifungwa tarehe 20 Machi 2020, siku moja kabla ya kuthibitishwa mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini. Kabla mwezi haujaisha magari ya watu binafsi yalizuiwa barabarani, na amri ya kutotoka nje ikawa inaanza saa moja ya jioni. Madarasa ya mitihani yaliitwa mwezi wa Oktoba mwaka ule. Mengine yakarudi kwa mafungu. Juni 2021 shule zikafungwa tena, na milango haikufunguliwa kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Wanafunzi walioguswa walikadiriwa kuwa milioni 15, na Uganda ikatajwa kuwa nchi iliyofunga shule zake muda mrefu kuliko zote duniani.

Sisi tulikuwa tukiongoza shule ndogo ya msingi, ya watu binafsi, kwenye mteremko wa Mbuya uelekeao Kinawataka. Yafaa ieleweke kwamba kufungwa huko hakukuwa kumoja kwa walimu wote. Mwalimu wa serikali aliendelea kupokea mshahara wake, ilhali mwalimu wetu aliishi kwa karo, na karo hailipwi na mtoto asiyesoma. Katika wiki chache wenzetu waliozoea kuitwa "mwalimu" walikuwa wakiuza nyanya na mkaa. Mmoja alifyatua matofali. Hatusemi kwamba kazi hizo ni aibu. Twasema hawakuzichagua.

Ama nyumbani kwetu, tulipata fedheha ya namna nyingine. Wizara ilitoa masomo ya kujisomea, yakachapwa magazetini na kugawiwa mitaani, na mengine yakasomwa redioni. Tukaketi mezani na mtoto wetu wa darasa la tatu, tukamfungulia ukurasa, naye hakuweza kusoma sentensi moja pasipo kukisia. Mwalimu mkuu aliyekuwa akitia sahihi ripoti za watoto mia mbili na zaidi hakuijua hali ya huyu anayelala chumba cha pili! Chuoni tulifundishwa kwamba mwalimu ni mlezi, nasi tumeirudia kauli hiyo katika mikutano ya wazazi mara nyingi. Lakini tulikuwa tukitoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, na aliyekuwa akilea ni mama watoto, ambaye hakuna mkutano uliowahi kumpigia makofi.

Hayo tungaliweza kuyasahau, kama isingalikuwa jambo la fedha.

Mwezi wa Juni 2020 mwalimu wetu mmoja, mama mwenye watoto wanne, alifungiwa chumba na mwenye nyumba. Wengine wawili walikuwa karibu na hali hiyo. Sanduku la shule lilikuwa tupu. Nyumbani, hata hivyo, ilikuwapo akiba: mama watoto alikuwa akishona barakoa kwa cherehani yake, na kila jioni alitia kitu kabatini. Tulizichukua fedha zile, tukawalipia walimu kodi. Hatukumwuliza. Walimu walitushukuru kwa machozi, na habari ikaenea mtaani kwamba mwalimu mkuu ana moyo.

Je, tulitenda wema? Tumelipima swali hili kwa miaka kadhaa sasa. Ukilipima kwa haja, jibu ni wazi, kwa maana mwenzetu alikuwa nje na watoto, na fedha zetu zilikuwa zikingoja siku isiyojulikana. Lakini zile hazikuwa fedha zetu. Mtu akitoa sadaka mali ya mwingine, shukrani anayoipokea ni ya nani? Rafiki yetu mmoja alitutetea kwa kusema kwamba mume na mke ni mwili mmoja, kwa hiyo na kabati lao ni moja. Hoja hiyo ina ladha nzuri, ila tumeona kwamba aghalabu huletwa na yule aliyekwisha kuchukua.

Mama watoto alinyamaza siku tatu. Siku ya nne alituambia kwamba angaliombwa angalitoa, tena zaidi ya tulivyotoa, kwa kuwa yule mama alimfahamu kuliko sisi tulivyomfahamu: walikuwa wakinunua vitambaa pamoja. Basi ilidhihirika kwamba hatukumnyang'anya fedha tu. Tulimnyang'anya na nafasi ya kuwa mwema. Na kama tulimfanyia hivyo mwezi ule mmoja, tulikuwa tukimfanyia miaka yote iliyotangulia. Kila saa ya jioni tuliyoitoa shuleni, tukasifiwa kwa kujitolea, ilikuwa imetolewa na yeye kwanza, naye hakuulizwa.

Walimu wenzetu watatuambia kwamba kazi yetu haifanyiki bila kujinyima. Ni kweli, wala hatutaki shule za watu wanaotazama saa. Twauliza tu ni nani anayenyimwa. Tangu kufunguliwa shule tumezuia mikutano ya walimu kupita saa kumi jioni, na mara mbili tumeivunja kanuni hiyo sisi wenyewe.

Fedha zile tulizirudisha kwa mihula mitatu. Mama watoto alizipokea, akazihesabu mbele yetu, kisha akaziweka mahali ambapo mpaka leo hatupajui.