Tunatembea Tu

Jumamosi moja ya mwezi wa sita nilimdanganya mzee mmoja mbele ya vijana 11 ambao kazi yangu ni kuwaongoza. Uongo wenyewe haukuwa mrefu. Aliuliza tunakwenda wapi, nikasema tunampeleka mgonjwa hospitali. Mgonjwa hakuwepo. Na kwa uongo ule tulipewa maziwa, tukayanywa.

Naandika kwa sababu tangu siku ile kikundi chetu kimebishana sana, na mabishano yenyewe sio ya kitoto. Mtu akishakosea hivi, arudi aseme ukweli? Na kama ukweli wake utawaumiza wengine ambao hata hawakuwepo?

Nianze na safari. Sisi tunaishi Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda. Wafanyakazi wa mashirika wanapenda paitwe makazi, sio kambi, kwa sababu hakuna uzio na familia hupewa kipande cha ardhi. Ni kweli, uzio hakuna. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi uhuru wa kutembea ndani ya Uganda. Binamu yangu yuko Nyarugusu, Tanzania, na yeye hawezi kutoka nje ya kambi bila kibali. Kila nikimpigia simu ananiambia eti mimi niko Ulaya. Lakini katika kikundi changu kuna vijana waliozaliwa hapa, na hawajawahi kwenda kwa miguu yao mahali ambapo hakuna foleni inayowangoja. Wanajua njia ya bomba, njia ya shule, njia ya chakula, njia ya mahojiano. Basi nikapanga tupande lori mpaka mji wa Isingiro, tuzunguke sokoni, halafu turudi kwa miguu kupitia vijijini mpaka tuchoke, na sehemu itakayobaki tutafute usafiri.

Ili nipate nauli ya lori ilibidi nijaze fomu. Fomu ina sehemu ya lengo la shughuli na sehemu ya matokeo yanayotarajiwa. Nilikaa nayo muda mrefu. Lengo lilikuwa kutembea. Matokeo niliyotarajia ni kwamba tungekuwa tumetembea. Mwishowe nikaandika "kuimarisha uhusiano mwema kati ya vijana wakimbizi na jamii inayowapokea", na pesa ikatoka. Simlaumu mtu, nami nikiwa na pesa ya wengine ningeuliza vilevile. Ila naona uongo wa mchana ule ulianzia kwenye karatasi hiyo.

Kuhusu soko sina mengi. Ndizi, nyanya, viatu vya mitumba, na spika ya muuza dawa ya panya iliyokuwa inapiga kelele kuliko wachungaji watatu. Uzuri ulianza tulipoacha barabara kubwa.

Kwetu Fizi kijiji unakiona. Nyumba zimejipanga kandokando ya barabara, unajua hapa kinaanza na pale kinaishia. Huku sivyo. Kila nyumba imejificha ndani ya migomba yake, na njia inapita humohumo, chini ya mikungu iliyoegemezwa kwenye miti isianguke. Chini wametandaza majani makavu ya migomba yatunze unyevu, kwa hiyo hata hatua zako huzisikii. Unatembea ukidhani uko shambani, kumbe uko uani kwa mtu, mama anamenya matoke na anakutazama. Juu ya vilima ni majani matupu, na wale ng'ombe wenye pembe ndefu mpaka unajiuliza wanalalaje. Kijana mmoja aliyezoea kuona ndizi juu ya malori tu alishika mkungu kwa mikono miwili kama anayepima uzito wa mtoto mchanga. Mwenye shamba alimwona, akacheka.

Hata hivyo hatukuwa na amani. Hatukubeba jembe, hatukubeba jerikeni, wala kuni. Kundi la watu 12 wasiobeba kitu linatisha. Baada ya nyumba chache kijana mmoja wa miaka 16 akaniuliza, "Yaya, tukiulizwa, tuseme nini?" Hakuuliza watatuuliza nini, hilo alilijua. Nikamwambia, "Nyamazeni, nitajibu mimi."

Tena kuna habari ya lugha. Kiswahili chetu katika nchi hii kinabisha hodi kabla yetu, na hodi yake sio nzuri. Wazee wengi wa Uganda walikizoea kama lugha ya askari, na wengine wanaongeza: ya wezi. Sisi tunakizungumza kwa sababu ndicho mama zetu walitubembelezea, lakini anayesikia ndani ya nyumba hasikii mama zetu.

Mzee huyo alikuwa ameketi kwenye benchi akitengeneza mpini wa jembe. Alitusalimia "Agandi", na msichana mmoja wetu anayesoma shule ya huku akamjibu vizuri. Halafu akatusikia tunasemezana. Akaweka mpini chini na kuuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya kukatakata, "Nyinyi, mnakwenda wapi?"

Kiswahili chake alikipata mwaka 1979, wakati majeshi ya Tanzania yalipopita sehemu hizi za Isingiro kwenda Mbarara, katika vita vya kumwondoa Idi Amin. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Siku ile nilisikia sauti tu, na sauti ilikuwa ya bariyeri.

Tulipokimbia nilikuwa mtoto wa miaka tisa. Njiani tulisimamishwa na watu wenye silaha mara nyingi, na swali lilikuwa hilohilo. Papa alikuwa na jibu moja: tunampeleka mgonjwa hospitali. Akisema hivyo anamwonyesha dada yangu, na dada analegeza shingo. Tulivuka bariyeri zote kwa sentensi ile. Sijawahi kufikiri kwamba papa alitenda dhambi, na sifikiri hivyo leo. Anayeshika bunduki na kukuuliza uendako hatafuti habari, anatafuta sababu ya kukufanya anachotaka. Huna deni la ukweli kwake.

Basi sentensi ya papa ikatoka kinywani mwangu, ikiwa nzima kama ilivyokuwa. Nikamwonyesha yule msichana aliyejibu salamu. Ana miaka 15. Akainamisha kichwa papo hapo, bila kuambiwa, kama mtu aliyefanya mazoezi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine yote. Nani alimfundisha?

Mzee akasimama na kumwita mkewe. Mama akatoka na maziwa, akamnywesha msichana kikombe kizima huku amemshika shingo kwa nyuma, na yaliyobaki tukapitishiana. Mzee alitaka kutafuta boda kwa pesa yake. Nikamwambia hapana, hapo sio mbali. Akasema kama ni hivyo hatujui njia, akamtoa mjukuu wake atuonyeshe njia ya mkato hadi kituo cha afya. Kituo kilikuwa upande mwingine kabisa. Tulimfuata mtoto yule karibu nusu saa bila mtu kusema neno, mpaka tukaona bati la kituo, na yeye akasimama kutuangalia. Ilibidi tuingie getini kweli. Tulijificha nyuma ya choo mpaka aliporudi nyumbani.

Hapo mabishano yakaanza.

Wa kwanza alisema hatukuiba, tulipewa. Mwingine akajibu kwamba aliyepewa ni mgonjwa, na mgonjwa hakuwepo, kwa hiyo tulichukua cha mtu ambaye hayupo. Yule wa miaka 16 alinitetea: mzee naye alikosea, kwa nini auliza? Njia ni ya wote, sheria inaturuhusu, hatuna haja ya kumweleza mtu.

Jambo hilo nilibaki nalo. Nilimsimulia mfanyakazi mmoja wa shirika anayetoka Norwei, akaniambia kwao kuna sheria ya 1957 inayomruhusu mtu yeyote kupita kwa miguu kwenye ardhi ya mwingine isiyolimwa, bila kuomba, mradi asiharibu. Shambani haruhusiwi, isipokuwa wakati wa baridi ardhi ikiwa imeganda au imefunikwa na theluji. Nilipowaambia vijana walicheka sana, wakasema basi tungoje Isingiro igande. Lakini nilipenda sheria ile, inamwamini mtu anayetembea bila kumuuliza sababu. Shida ni kwamba huku hakuna pori kati ya nyumba na nyumba. Njia inapita mbele ya sufuria ya mtu. Uhuru wangu wa kutembea ulioandikwa Kampala unafika mpaka uani kwake, na pale uani yupo yeye na mkewe.

Halafu nikakumbuka kwetu. Kule nyumbani mtu akikuona unapita bila kukuuliza unakwenda wapi, amekudharau. Swali ni sehemu ya salamu. Jibu lake hata halihitaji kuwa na maana, unaweza kusema "naenda hapo mbele" na mtu akaridhika. Na lugha yetu ina neno zuri kwa jambo hili: kutembea ni kwenda kwa miguu, na kutembea ni kumtembelea mtu. Ningesema "Mzee, tunatembea tu" ningekuwa nimesema kweli, na labda tungekaribishwa kwa jina letu. Bunduki niliiweka mwenyewe mikononi mwa mtu aliyeshika mpini wa jembe. Papa alimdanganya askari. Mimi nilimfanya mwenyeji kuwa askari ili nimdanganye.

Nilipowaambia vijana kwamba nataka kurudi kuomba msamaha, nilidhani watanipongeza. Msichana mmoja mkubwa kidogo, ambaye ana mtoto, akanipinga hapohapo. Alisema, "Yaya, utaenda kutua mzigo wako kwa mzee, na atakayeubeba ni mimi." Akaeleza. Tayari inasemwa kwamba watu wa kambi wanadanganya: wanadanganya idadi ya familia, wanadanganya ugonjwa ili wapelekwe Marekani. Ukienda kumthibitishia, siku nitakayopita pale na mwanangu ana malaria kweli, mama yule hatatoa kikombe. Kwa hiyo nyamaza, ukae na aibu yako, hiyo ndiyo faini.

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina jibu lililo safi. Anachosema ni kweli. Kuna kuungama ambako ni kujisafisha tu kwa gharama ya majirani. Lakini nikinyamaza, nampangia yule mama amfadhili nani kwa habari nilizomchagulia mimi. Namfanya kama fomu ile: andika kinachotoa pesa. Na vijana 11 wameshaona kwamba inafanya kazi.

Aliyekata shauri ni yule msichana wa maziwa. Alisema shingo ilishikwa ni yake, yeye anakwenda, nani anamsindikiza?

Tulikwenda watatu: yeye, kijana wa miaka 16 na mimi, na kilo moja ya sukari. Mzee alimtambua kabla yetu wote. Akamuuliza, "Umepona?" Msichana akasema, "Mzee, sikuwa mgonjwa." Nikaongeza kwamba aliyesema uongo ni mimi, kwamba niliogopa, kwamba nilisikia swali lake kama la wale wa barabarani kwetu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi zaidi, yakaisha.

Mzee alikaa kimya. Kisha akasema wakati wa vita vya 1979 naye alidanganya, askari walipouliza ng'ombe ni za nani alisema ni za jirani. Nikaona kama ametusamehe. Lakini akanitazama na kusema, "Mimi sio askari," na hakutabasamu.

Mkewe ndiye aliyekasirika kweli. Kumbe Jumapili ile alikuwa amewaambia wanawake wenzake kanisani wamwombee binti wa kambini, na wakamwomba Mungu wiki tatu. Alisema sasa yeye arudi kuwaambia nini. Hilo hatukuwa tumelifikiria, hata mmoja wetu, katika mabishano yetu yote. Alichukua sukari, akaingia ndani, hakutoka tena.

Mzee alitusindikiza mpaka njia kubwa. Hapo tukakutana na jirani yake na baiskeli ya ndizi, akamuuliza jambo kwa Kinyankore huku anatuangalia, na mzee akajibu kwa kifupi. Tulipofika mbele nikamuuliza msichana walisema nini. Akasema jirani aliuliza hawa wanakwenda wapi, na mzee amesema ni watu wa Nakivale, walikuja kutembea.

Mama alichowaambia wenzake kanisani hatujakisikia bado. Yule msichana mwenye mtoto huniuliza kila Jumatatu.