Darasa la Kajaga hufuata mvua

Watu wakisikia kwamba watoto wetu watatu wanasoma nyumbani, swali la kwanza huwa lilelile: mmegombana na nani? Hatujagombana na mtu. Tunakaa Kajaga, kwenye barabara ya Gatumba, na shule tuliyoipenda iko mjini. Uhaba wa mafuta ulipozidi kutubana kuanzia mwaka 2022, basi la asubuhi likawa la bahati. Mwaka huohuo pikipiki, bajaji na baiskeli zilizuiwa kuingia sehemu kubwa ya jiji la Bujumbura. Kifungua mimba wetu akawa anatoka nyumbani gizani na kurudi gizani, anasinzia chakula kikiwa mbele yake. Shule za karibu zimejaa, na ziwa linapopanda nyingine huingiwa na maji. Mimi niliwahi kufundisha sekondari. Jioni moja mume wangu akaniambia, "Mama watoto, mwalimu tunaye humu ndani, tunahangaika barabarani kwa nini?" Tukaanza.

Sisi Waburundi hatukuwahi kulazimika kufundisha watoto nyumbani wakati wa korona. Kenya ilifunga shule Machi 2020 na haikuzifungua kikamilifu mpaka Januari 2021, na Uganda mpaka Januari 2022. Mabinamu wa wanangu walioko Kampala walikaa nyumbani karibu miaka miwili, na mama yao akajikuta ni mwalimu bila kuombwa. Hapa kwetu shule hazikufungwa. Ndiyo maana familia inayofundisha watoto wake yenyewe bado inatazamwa kama ina siri.

Kitu cha kwanza nilichokiona mezani kwetu kilihusu lugha. Katika shule zetu mtoto huanza kwa Kirundi, na anapofika mwaka wa tano masomo hugeuka kuwa ya Kifaransa. Wa pili wetu alikuwa mjuzi wa hesabu mpaka siku hiyo ya kugeuka. Ghafla akawa mtoto wa kunyamaza. Nilipomsomea swali lilelile la sehemu kwa Kirundi, kisha tukalijadili kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, alilimaliza kabla sijaweka chaki chini. Hakuwa amesahau chochote. Alikuwa amenyimwa njia ya kusema anachokijua. Sasa tunafanya hivi: jambo jipya tunalielewa kwanza kwa lugha ya nyumbani, halafu tunaliandika kwa Kifaransa, kwa sababu Kifaransa atakihitaji na sitamdanganya kwamba hatakihitaji.

Mwaka wetu una majira manne, yaleyale ya mkulima wa Burundi: Agatasi, Umukubezi, Impeshi na Ici. Sikuyaweka mimi kwenye ratiba, yalijiweka. Agatasi, mvua za kwanza baada ya Septemba, ni wakati wa bustani. Lengalenga na maharage vinapandwa nyuma ya nyumba, na kopo la maziwa lililowekwa uani linapima mvua. Kitinda mimba ndiye anayechovya rula na kutangaza milimita kama mtangazaji wa redio. Umukubezi, ile nafasi fupi ya jua kati ya Desemba na Januari, tunaipitisha kwa bibi yao, mtaa wa Buyenzi. Huko kazi ni kusoma kwa sauti na kusikiliza wakubwa wakizungumza Kiswahili barazani, basi.

Kisha inakuja Impeshi, na Impeshi ya Kajaga haichezewi. Kuanzia Februari hadi Mei mvua ni nzito na ziwa linasogea. Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika Gatumba na maelfu ya watu wakahama, wengi wakaishia kwenye mahema. Miaka iliyofuata Ziwa Tanganyika lenyewe likaendelea kupanda, na mwaka 2024 maji yalizikuta nyumba ambazo wenyewe waliamini ziko mbali na ziwa. Usiku viboko hutoka kula majani karibu na makazi, na kwa hiyo mtoto hatumwi dukani jua likishazama. Wiki hizo darasa letu ni meza moja, taa ya sola na ndoo ya kukinga matone.

Ni katika msimu huo watoto wa jirani walipoanza kuja. Nyumba yao iliingiwa na maji, shule yao pia, na mama yao aliniuliza kwa upole mkubwa kama wanaweza kukaa mlangoni wasikilize. Mlangoni kwa nini, mama? Waliingia, wakakaa mezani. Mkubwa wao alikuwa hajashika kalamu kwa muda mrefu, lakini alijua kusoma mawingu ya upande wa Uvira, akatuambia mvua ipi itafika kwetu na ipi itaishia milimani Congo. Wanangu wakaanza kuandika utabiri wake daftarini na kuulinganisha na kopo letu la mvua. Mara nyingi alikuwa sahihi kuliko sisi. Tangu wakati huo alasiri za nyumbani kwangu ni za watoto wote wanaofika.

Ici ndiyo majira ninayoyapenda, na hapo naomba nikae kidogo. Kuanzia Juni mvua hukatika, barabara hukauka, upepo wa kusini huvuruga ziwa. Tunatoka. Mwalo wa wavuvi ndio darasa letu la hesabu, la sayansi na la adabu kwa wakati mmoja. Wavuvi wa ndagala huvua usiku kwa taa, wakiwavuta samaki kwenye mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu tena, kwa hiyo siku hizo hupumzika, hushona nyavu na kuziba mitumbwi. Kitinda mimba aliijua mizunguko ya mwezi kwa njia hiyo kabla sijamchorea jua na dunia. Mzee mmoja wa mwaloni alimkalisha juu ya ndoo iliyofunikwa na kumuuliza, "Mjukuu wangu, leo mwezi una siku ngapi?" Mtoto akahesabu kwa vidole, akajibu. Mzee akamwambia, "Basi kamwambie mama yako asisubiri ndagala wabichi wiki hii."

Siku nyingine tulinunua kilo moja ya ndagala wabichi, tukawaanika wenyewe kwenye wavu. Walipokauka tukawarudisha kwenye mizani ya muuzaji. Walibaki chini ya theluthi moja. Wa pili, yule wa sehemu, akakaa na bei za wabichi na za wakavu na kutafuta ni nani anapata faida na kwa nini. Kazi hiyo ilimchukua asubuhi nzima, na aliifanya bila kulazimishwa. Tulizungumza pia kuhusu kupungua kwa samaki. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2003 zilionyesha kwamba maji ya juu ya Tanganyika yanapopata joto, hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye rutuba, na chakula cha samaki hupungua. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mzee wa mwaloni aliyasikiliza yote hayo kutoka kwa mwanangu, akatikisa kichwa taratibu, akasema baba yake alikuwa akirudi na samaki aina ya mukeke wa kujaza mtumbwi.

Ila somo lililotufungua macho lilikuwa la Rusizi. Kifungua mimba alisoma kwamba wasafiri wa Kizungu, Burton na Speke, walifika Uvira mwaka 1858 wakitaka kujua kama Rusizi inatoka ziwani au inaingia. Jibu lilikuwa na uzito mkubwa kwao, kwa sababu walikuwa wanatafuta chanzo cha Nili. Wenyeji waliwaambia mto unaingia. Mabishano yakaendelea Ulaya hata hivyo, mpaka Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipokuja kwa mtumbwi kutoka Ujiji hadi mdomoni mwa mto wakaona kwa macho yao: unaingia. Mwanangu aliudhika. "Mama, si walikuwa wameshaambiwa?" Tukaenda naye mpaka hifadhi ya Rusizi, tukiwa na mlinzi kwa sababu mamba hawana urafiki. Akatupa kipande cha tete majini, akakitazama kikielekea ziwani mpaka kikapotea. Halafu akaja na swali ambalo sikulitarajia: kama mito yote hii inaingia, maji yanatoka wapi?

Swali hilo lilitupeleka mbali. Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, ulioko Kalemie upande wa Congo, na sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kugeuka mvuke. Miaka ya mvua nyingi yanayoingia huzidi yanayotoka, ziwa hupanda. Lilipanda sana mwaka 1964, na likapanda tena juzijuzi. Mtoto wa jirani, yule wa mawingu, alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama nyumba yao iko mahali ambapo ziwa lilikuwa limefika zamani. Tulichora ramani pamoja. Hakuna kitabu cha darasa la sita ambacho kingeweza kumpa swali hilo.

Siandiki haya kumshawishi kila mzazi awatoe watoto shule. Nimepewa vitu ambavyo wengi wa barabara yetu hawana: niliwahi kufundisha, na mshahara wa mume wangu unatosha chakula. Mama anayeamka saa kumi kwenda kuchuuza hawezi, na asilaumiwe. Kwingine sheria yenyewe haikubali. Kenya, kwa mfano, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shule, na wapo waliofikishwa mahakamani kwa kufundisha nyumbani. Ninachokikataa ni ile imani kwamba ukishalipa daftari na sare, kazi ya kumfundisha mwanao imehamia kwa mtu mwingine. Mvuvi yule hakulipwa, mtoto wa jirani hana cheti, na wote wawili wamewafundisha wanangu mambo ambayo mimi siyajui. Mzazi anaweza kufungua mlango huo hata mtoto akiwa shuleni siku tano kwa wiki.

Septemba hii kifungua mimba wetu anaingia shule, mwaka wa saba. Mtihani wa taifa wa mwisho wa mwaka wa 9 unamsubiri, na bila huo mlango wa juu haufunguki. Wadogo zake wawili watabaki mezani na watoto wa jirani. Wewe unayepita barabara ya Gatumba na una vitabu vya mwaka wa tano na wa sita vilivyokaa kabatini, hasa vya Kifaransa na hesabu, visogeze kwa familia zilizohamishwa na maji kabla Impeshi haijaanza.