Usawiri wa Mwanamke katika Filamu za James Bond: Nani Hulipia Usasa?

Usawiri wa mwanamke katika filamu za James Bond, zilizoanza na Dr. No mwaka 1962, aghalabu hupimwa kwa hesabu: ni wanawake wangapi sasa wenye silaha, cheo au sauti. Kwa kipimo hicho maendeleo hayakanushiki. Katika Goldfinger (1964) Bond anamlazimisha mwanamke ghalani, na filamu yenyewe yaihesabu nguvu hiyo kuwa utongozaji. Katika GoldenEye (1995) mkuu wake ni mwanamke, naye anamkaripia kwa ubabedume wake. Katika No Time to Die (2021) namba 007 yenyewe imeshikwa na mwanamke mweusi, ingawa yeye huyo ndiye anayeomba Bond arudishiwe.

Hata hivyo, hesabu haionyeshi ni nani anayeulipia usasa huo. Casino Royale (2006) husifiwa kwa sababu ya Vesper Lynd, mshika fedha za serikali ambaye akili yake hailemewi na ya Bond. Katika filamu hiyohiyo Obanno, mbabe wa vita ambaye kambi yake imewekwa Mbale, Uganda, anamtishia Valenka, mpenzi wa Le Chiffre, kumkata mkono kwa panga. Muda mfupi baadaye Bond anamuua Obanno ngazini. Kisha anamkuta Vesper ameketi bafuni akitetemeka, naye anaketi kando yake na kumliwaza. Ukatili ambao zamani ulikuwa wa shujaa, ukiitwa mapenzi, umehamishiwa mikononi mwa Mwafrika wa Mashariki, na shujaa ametoka akiwa muungwana.

Na achukuliwe mtazamaji msichana wa Mwanda, katika Milima ya Taita. Akiwa mwanamke, anaongezewa heshima. Akiwa mtu wa Afrika Mashariki, anapunguziwa. Je, ni haki kumtaka ashukuru kwa nusu moja na kuinyamazia nyingine?

Huenda ikajibiwa kwamba filamu inamhukumu Le Chiffre pia: hatamki neno la kumtetea Valenka, na Obanno mwenyewe analisema hilo. Hoja hii ina uzito. Wala haifai kudhani kwamba shujaa Mwafrika angetosha kuwa dawa. Willy Gamba, jasusi Mtanzania wa A. E. Musiba katika Kufa na Kupona (1974), anapigania ukombozi wa bara zima, lakini wanawake wanaomzunguka hawajavuka mbali na kuwa mitego au tuzo.

Kinachobaki bila jibu ni Valenka. Kamera inamfuata Vesper hadi bafuni ili hofu yake ionekane. Valenka, ambaye mkono wake ndio uliowekewa panga, hafuatwi na yeyote. Anapoonekana tena anatia sumu katika kinywaji cha Bond, akimtumikia bado mwanamume aliyenyamaza.