Ua la Siku Moja



Huko Korea kuna ua waliitalo mugunghwa. Kwa jamii ni ndugu ya bamia zetu: hufunguka asubuhi, na jioni limekwisha nyauka. Lakini kila kunapokucha kichaka hutoa maua mapya, tangu Julai hata Oktoba. Ndiyo maana jina lake lataja kutokwisha, na Wakorea huliimba katika wimbo wao wa taifa.

Tangu 1910 hata 1945 Wakorea walitawaliwa na Wajapani. Siku hizo mwalimu mmoja Mkristo, Namgung Eok, alikuza miche ya ua hilo huko Hongcheon, akaigawa kwa watu. Mwaka 1933 alikamatwa, na miche yake ikaharibiwa. Akafariki mwaka 1939, asiuone uhuru. Leo mugunghwa ni ua la taifa lake.

Ndugu zetu, ni mara ngapi tumekata tamaa kwa kuwa jitihada ya jana imenyauka? Tuliomba, hatukuona jibu. Tulipatana na jirani, ugomvi ukarudi. Tukasema, basi. Lakini mwenye bamia hang'oi mche kwa sababu ua la jana limeanguka!

Bwana hatudai ua lisilonyauka. Atutaka tukae katika shina, naye kesho atatupa jingine. Huenda matunda tusiyaone sisi, bali wana wetu. Basi aliyenuniana na mwenziwe, na aende tena leo, kabla jua halijachwa.