Askari Asiye na Jeraha

Aghalabu mtazamaji wa sinema ya vita hungojea mizinga na moshi. Lakini katika Twelve O'Clock High, iliyoongozwa na Henry King mwaka 1949, jambo lililo zito kuliko yote hutukia ardhini, chini ya ndege ambayo haijaruka bado. Jenerali Savage, anayeigizwa na Gregory Peck, amepewa kikosi cha Wamarekani walioko Uingereza, badala ya kanali aliyeondolewa kwa kuwahurumia mno vijana wake waliokuwa wakipelekwa mchana kweupe kuwapiga Wajerumani kwa mabomu. Naye, kwa ukali usio na kifani, awaamuru wajihesabu kuwa wamekwisha kufa, hata siku moja ainuapo mikono ajivute kuingia katika ndege yake, mikono hiyo yakataa amri, ijapokuwa mwili hauna jeraha.

Wako wauitao huo woga, nami nadhani hawakuutazama vema uso wake alipoketi kitini macho wazi, hasemi wala hajibu, mpaka ndege ziliporejea. Mwoga hutafuta kubaki. Huyu alitaka kwenda. Ile huruma aliyomlaumu mwenzake kwayo ilikuwamo nafsini mwake pia, ila aliinyima mlango.

Hiyo ilikuwa hadithi, ikaruhusiwa. Lakini filamu ya John Huston, Let There Be Light, iliyopigwa hospitalini miongoni mwa askari halisi wenye maradhi ya nafsi kama hayo ya Savage, ilikamilika mwaka 1946, na serikali ya Marekani ikaificha kwa zaidi ya miaka 30.